Maswali ya Wasomaji: Vile Vibao vya Buluu vya Pittsburgh

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa ndugu zetu walioko Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, na miji ya jirani, na karibu zote zinaulizia kitu kimoja: vile vibao vya buluu vyenye maandishi ya dhahabu vilivyosimama kwenye nguzo pembeni ya barabara. Mji huo nimeishi na vile vibao navipenda sana, kwahiyo nimemwomba mhariri aniachie safu nzima. Barua nimezifupisha kidogo.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, tulikuja hapa tukitokea kambi ya Kakuma, sasa nafanya usafi hotelini katikati ya mji. Nikishuka basi na mwanangu wa mwisho lazima asimame asome kibao, alafu ananiuliza maswali sina majibu. Nani anaviweka? Na kilichoandikwa pale ni kweli?
*Mama wa Watatu, Pittsburgh*

Marahaba mama, na huyo mtoto usimkatishe tamaa, mwache asome.

Vibao hivyo ni vya serikali ya jimbo, vinawekwa na Tume ya Historia na Makumbusho ya Pennsylvania. Kazi yenyewe ilianza 1914, enzi hizo walikuwa wanapigilia mabamba ya shaba kwenye mawe makubwa, tume ya sasa ikaundwa 1945 na mwaka uliofuata ndo wakaja na hivi vya buluu na dhahabu vyenye nembo ya jimbo juu. Leo viko zaidi ya 2,000 jimbo zima. Ukiangalia vizuri utaona viko vya aina mbili, vya barabara kuu vina herufi kubwa na maneno machache manake msomaji yuko ndani ya gari, na vya mjini vina maneno mengi herufi ndogo, hivyo ndo vya mwanao.

Kuhusu ukweli, yaliyoandikwa yanapitiwa na wataalamu kabla hayajakubaliwa, uongo wa wazi hutaukuta. Ila jua kwamba kibao hakioti chenyewe. Mtu au kikundi kinaandika maombi, kinaleta ushahidi, kamati inachuja, na mara nyingi aliyeomba ndo anachangia gharama. Yani nyuma ya kila kibao kuna watu waliosema hili lisisahaulike na wakatoa jasho lao, na pale ambapo hakuna aliyeomba, pana kimya hata kama palimwagika damu. Kwahiyo mfundishe mwanao asome kibao alafu aulize, nani alitaka hiki kiwekwe? Kiliwekwa lini? Vingi vya miaka ya karibuni vina mwaka chini kabisa. Alafu ageuke aangalie pale kibao kiliposimama sasa hivi pana nini. Hilo la mwisho ndo kubwa kwa Pittsburgh, manake ni mji uliojengwa na chuma, makaa ya mawe na reli, na sehemu kubwa ya hivyo vitu imeondoka. Mara nyingi kibao ndo kitu pekee kilichobaki mahali pale.

Mimi naendesha lori, mizigo yangu mingi Ohio na Pennsylvania. Nikipita Homestead, pale jirani na Pittsburgh, nanunua vitu pale Waterfront, kuna maduka na sinema, na kuna mabomba ya moshi marefu ya matofali yamepangwa mstari mmoja hayana kiwanda. Nimesikia kulikuwa na vita hapo. Vita gani?
*Dereva, Columbus*

Ndugu yangu, unapopaki gari pale umepaki juu ya kiwanda kilichowahi kuwa moja ya viwanda vikubwa kabisa vya chuma duniani. Kiwanda cha Homestead kilifungwa 1986, kikabomolewa, maduka yakafunguliwa 1999. Hayo mabomba 12 ndo waliyaacha.

Vita ilikuwa tarehe 6 Julai 1892. Mwenye kiwanda alikuwa Andrew Carnegie, Mskoti aliyekuja Marekani mtoto wa maskini akawa tajiri wa kutisha, na meneja wake alikuwa Henry Clay Frick. Mafundi walikuwa na chama chao cha wafanyakazi chenye nguvu na mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa Juni. Frick akataka kupunguza malipo, na hakutaka kabisa kuendelea na chama. Carnegie yeye alikuwa Scotland mapumzikoni, kamwachia Frick kazi. Frick akazungushia kiwanda uzio wa mbao urefu wa karibu maili 3, juu seng'enge, na matundu ambayo wafanyakazi waliona wazi ni ya kupitisha mitutu, wakapaita Ngome ya Frick. Alafu akawafungia nje. Kati ya wafanyakazi kama 3,800, wanachama wa chama walikuwa hawafiki 1,000, lakini vibarua wasio na ujuzi, wengi wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki, Waslovaki na wengineo, ambao chama chenyewe kilikuwa hakiwapokei, nao wakagoma. Hapa huwa nasimama nifikirie, manake wale hawakuwa na mkataba wa kuutetea, walikuwa wageni kama tulivyo sisi, na wangeweza kusema haituhusu.

Usiku wa manane Frick akaleta walinzi 300 wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton, wakapandishwa mtoni Monongahela kwenye matishali mawili yaliyofunikwa, yakikokotwa na boti. Mji ukawa macho. Watu wakawaona, honi ikapigwa, na ilipofika alfajiri ukingo wa mto umejaa wanaume, wanawake na watoto. Risasi ya kwanza nani aliipiga wanabishana mpaka leo. Walipigana kutwa nzima, wafanyakazi walijaribu mpaka kumwaga mafuta mtoni wayawashe ili matishali yaungue, jioni Pinkerton wakapandisha bendera nyeupe. Wakati wanatolewa walipitishwa katikati ya watu wenye hasira, wake kwa waume, wakapigwa sana njia nzima. Hesabu inayotajwa zaidi ni wafanyakazi 7 na Pinkerton 3 waliokufa.

Wafanyakazi walishinda siku hiyo moja tu. Gavana akaleta askari wa jimbo zaidi ya 8,000, kiwanda kikafunguliwa kwa wafanyakazi wapya, Novemba mgomo ukafa, viongozi wakawekwa kwenye orodha ya watu wasioajiriwa popote. Chama hakikurudi kwenye viwanda vile mpaka miaka ya 1930, kampuni ya U.S. Steel ilikuja kutia saini na wafanyakazi Machi 1937. Katikati hapo ni miaka 45, na kwa sehemu kubwa ya hiyo miaka zamu ilikuwa saa 12 kwa siku, ilikuja kuondolewa 1923.

Sasa ukirudi pale usiishie madukani. Fuata njia ya mto upande wa Munhall utakuta jengo la matofali linaitwa Pump House, hapo ndo matishali yalipotia nanga. Kwenye barabara ya Eighth Avenue kuna Bost Building, ilikuwa hoteli mpya wakati huo na ndo yalikuwa makao makuu ya wagomaji, sasa ni makumbusho. Na kuna jiwe la kumbukumbu ambalo kwangu lina uzito kuliko kibao chochote cha serikali, liliwekwa 1941 na wanachama wa chama cha wafanyakazi wa chuma wenyewe kwa ajili ya wenzao waliouawa 1892. Angalia huo mwaka. Kwa karibu miaka 50 hakuna aliyeweza kusimamisha jiwe pale mjini, manake mji ulikuwa mkononi mwa kampuni. Walisubiri mpaka wana chama tena, wakachanga, wakaandika wazi waliouawa waliuawa wakigoma dhidi ya kampuni ya Carnegie.

Alafu panda mlima kidogo, kuna maktaba kubwa nzuri ya Carnegie, 1898, miaka sita tu baada ya vita, ina ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Ni jengo la kupendeza kweli na linatumika mpaka leo. Lakini mtu aliyesimama mbele ya tanuri masaa 12 kwa siku, siku saba, kitabu atakisoma saa ngapi? Wafanyakazi wenyewe waliuliza swali hilo wakati ule, na mimi naona walikuwa na haki kuuliza.

Ni kweli redio ya kwanza duniani ilianzia Pittsburgh? Kibao kinasema hivyo, rafiki yangu wa Detroit anabisha.
*Mpenda Redio, Erie*

Mpe rafiki yako nusu ya ushindi. Kituo cha KDKA cha kampuni ya Westinghouse kilirusha matokeo ya uchaguzi wa rais usiku wa tarehe 2 Novemba 1920, Harding alipomshinda Cox, kutoka kwenye kibanda kidogo juu ya paa la kiwanda East Pittsburgh, wakati watu wengi hata chombo cha kusikilizia hawana. Hiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa redio ya biashara yenye leseni na ratiba. Ila Detroit nako kulikuwa na kituo kinarusha matangazo tangu Agosti mwaka huohuo. Ukiona kibao chochote kimeandika "ya kwanza" soma maneno yanayofuata taratibu, utakuta "ya kwanza ya aina fulani", na ubishi wote umejificha kwenye hiyo aina fulani.

Dada, hujambo. Nasoma chuo hapa Oakland, mtaa wa Pittsburgh. Nimezunguka sana naona vibao ni wanaume tu, majenerali, matajiri, wachezaji. Wanawake walikuwa wapi?
*Binti wa Chuo*

Sijambo mdogo wangu. Walikuwa kazini, na wengine walifia hukohuko.

Nenda Lawrenceville, mtaa wa 40, kuna bustani inaitwa Arsenal Park na shule imebeba jina hilohilo. Hapo palikuwa na ghala na kiwanda cha silaha cha jeshi, Allegheny Arsenal. Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe walihitaji mikono midogo myepesi ya kukunja karatasi za risasi na kujaza baruti. Kwanza waliajiri wavulana, wakakutwa na viberiti, wakafukuzwa, wakaletwa wasichana, wengi wa familia za Kiayalandi na wengine hawajafika hata miaka 20. Tarehe 17 Septemba 1862, mchana, siku ya kulipwa mshahara, baruti ikalipuka. Barabara ya pale ilikuwa ya mawe, unga wa baruti ulikuwa unavuja kwenye mapipa na kudondoka njiani, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba cheche ilitoka kwenye kiatu cha chuma cha farasi au gurudumu la mkokoteni. Walikufa watu 78, karibu wote wanawake na wasichana. Zaidi ya 50 hawakutambulika, wakazikwa pamoja makaburi ya Allegheny ambako kuna mnara wao mpaka leo. Baraza lililochunguza vifo likasema wakubwa wa pale walizembea, jeshi likafanya uchunguzi wake likawasafisha.

Na kwanini watu wengi hawajawahi kusikia? Siku hiyohiyo ndo ilikuwa vita ya Antietam kule Maryland, siku iliyomwaga damu nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya vita katika historia ya Marekani, magazeti yakajaa majina ya askari. Wale mabinti walikuwa wanatengeneza risasi za vita hiyohiyo. Mimi hilo haliniishi moyoni.

Mwingine ni Fannie Sellins, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa anaandikisha wachimba makaa na washonaji kwenye vyama vyao, akahamia bonde la mto Allegheny juu ya Pittsburgh. Agosti 26, 1919, wakati wa mgomo wa wachimba makaa, walinzi walioapishwa kulinda mgodi walikuwa wanampiga mzee mmoja mchimbaji, Joseph Starzeleski, Fannie akaingilia, wakampiga risasi, na mzee naye akafa. Hakuna aliyefungwa. Wachimbaji walimjengea kumbukumbu makaburini na ana kibao chake cha jimbo. Na kama una muda panda basi mpaka Springdale ukaone nyumba aliyozaliwa Rachel Carson mwaka 1907, mwanasayansi aliyeamsha Wamarekani kuhusu sumu za kuulia wadudu, alisoma chuo hapohapo Pittsburgh.

Wewe uko chuo, una maktaba na walimu wa historia. Maombi ya kibao hayahitaji uwe tajiri wala uwe mzaliwa, yanahitaji ushahidi na uvumilivu. Fikiria.

Mambo vipi. Nakaa karibu na Hill District na nacheza basketi na vijana wa pale. Wananiambia zamani mtaa ulikuwa moto, muziki, maduka, timu zao za besiboli. Mimi naona viwanja vitupu na maparking. Wananidanganya?
*Kijana wa Goma, Pittsburgh*

Poa mdogo wangu, na hawakudanganyi hata kidogo. Hill ndo mtaa wa kwanza ningekuambia utembee ukifuata vibao.

Anzia chini mjini, karibu na Market Square, kuna kibao cha Martin Delany. Mtu mweusi aliyezaliwa huru 1812, akaja Pittsburgh kijana, mwaka 1843 akaanzisha gazeti lake liitwalo The Mystery, akawa tabibu, akakubaliwa Harvard kusomea udaktari alafu akatolewa sababu wanafunzi wazungu walilalamika, na wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe akapewa cheo cha meja. Zaidi ya miaka 15 kabla ya ile vita kuanza, mtu mweusi anachapa gazeti lake mwenyewe mji huo huo unaopita wewe.

Sasa panda Hill. Centre Avenue kuna kibao cha Pittsburgh Courier, gazeti lililoanza 1907 likakuzwa na mwanasheria Robert L. Vann mpaka likawa linachapa nakala zaidi ya 300,000 kwa wiki. Majimbo ya kusini kuna sehemu lilikuwa linakamatwa na kuchomwa, kwahiyo wahudumu weusi wa treni za Pullman walikuwa wanalificha kwenye mabehewa na kulidondosha njiani. Na mimi kama mtu wa safu ya barua hii naipenda sana: Januari 1942 msomaji mmoja wa Wichita, James G. Thompson, mfanyakazi wa kantini ya kiwanda cha ndege, aliwaandikia barua akiuliza, nikaifie Marekani nikiwa nusu Mmarekani? Akapendekeza alama ya V mbili, V ya "victory" yani ushindi, ushindi dhidi ya adui wa nje na ushindi dhidi ya ubaguzi wa ndani. Gazeti likaichukua ikawa kampeni ya nchi nzima. Barua moja ya msomaji.

Bedford Avenue kuna kibao cha Greenlee Field. Gus Greenlee, mfanyabiashara wa Hill mwenye klabu ya Crawford Grill, alichoka timu yake kukodi viwanja vya wazungu ambako wachezaji wake walikatazwa hata chumba cha kubadilishia nguo, akajenga uwanja wake, ukafunguliwa 1932. Pale alicheza Satchel Paige, na Josh Gibson ambaye baba yake alikuja kutoka Georgia kutafuta kazi ya kiwanda cha chuma. Gibson alikufa Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuvunja ukuta wa ubaguzi kwenye ligi kuu ya besiboli. Mwaka 2024 ligi hiyo ilipoziingiza rekodi za ligi za watu weusi kwenye hesabu zake, Gibson akapanda kuwa wa kwanza kwa wastani wa upigaji katika historia yote. Uwanja wenyewe ulibomolewa 1938 kupisha nyumba za serikali. Hapohapo Bedford, namba 1727, alizaliwa August Wilson, mwandishi wa tamthilia aliyeweka karibu kazi zake zote kubwa kwenye mtaa huu.

Sasa kuhusu viwanja vitupu. Mwaka 1956 mji ulianza kubomoa Hill ya chini kwa jina la kuboresha. Zaidi ya watu 8,000 walihamishwa, biashara kama 400 zikaondoka, ukajengwa ukumbi mkubwa wa michezo wenye paa linalofunguka, Civic Arena, 1961, na parking kuuzunguka. Huo ukumbi nao ulishavunjwa, ulikwisha 2012. Nyumba zimekwenda, na kilichowaondoa nacho kimekwenda, parking ndo ikabaki kwa miaka mingi. Wabomoaji walitaka kuendelea kupanda juu. Wakazi wakasimamisha bango lao kubwa kona ya Centre na Crawford, likiwaambia wakuu wa mji hakuna ujenzi kupita hapa. Na kweli haukupita. Leo pale pana mnara wa kumbukumbu, Freedom Corner. Lile bango halikuwa la buluu wala halikupitishwa na kamati yoyote, lakini ukiniuliza mimi, hakuna maandishi ya barabarani yaliyofanya kazi kubwa kuliko yale Pittsburgh nzima. Simama hapo ukiangalia chini mjini, utaona mstari nyumba zinapoishia na eneo lililobomolewa linapoanza. Alafu warudie wale vijana uwaulize bibi zao walikaa mtaa gani.

Mimi ni muuguzi, nilihamia bonde la Monongahela. Wagonjwa wangu wazee wanataja "ule ukungu" wa Donora. Kibao nimekiona ila nilikuwa naendesha. Nini kilitokea?
*Muuguzi*

Dada, hiki usome ukiwa umesimama.

Donora ni mji mdogo kwenye kona ya mto, milima pande zote, ulikuwa na kiwanda cha chuma na waya na kingine cha kuyeyusha zinki, vyote vya kampuni tanzu ya U.S. Steel. Mwisho wa Oktoba 1948 hewa baridi ilikaa bondeni na hewa ya joto ikakaa juu yake kama kifuniko, moshi wote wenye salfa na floridi ukabaki chini, siku moja, mbili, tatu. Watu walikuwa wamezoea moshi kwahiyo gwaride la Halloween likaendelea, mechi ya futiboli ya Jumamosi ikachezwa na watazamaji hawaoni mpira. Wazimamoto walitembea nyumba kwa nyumba na mitungi ya oksijeni, wakipapasa uzio kwa mkono ili wajue njia, wanampa mtu pumzi chache alafu wanakwenda kwa mwingine, kwa sababu mitungi haitoshi. Kiwanda cha zinki kilizima matanuri Jumapili tarehe 31 asubuhi, saa chache baadae mvua ikanyesha ukungu ukaondoka. Watu 20 walikufa na maelfu waliugua, mji una watu kama 14,000. Kampuni ilisema ni hali ya hewa, kazi ya Mungu, ikawalipa wenye kesi fidia ndogo bila kukiri kosa.

Kibao kilikuja kuwekwa miaka ya 1990, na kinasema wazi kwamba sheria za nchi za hewa safi ni urithi wa maafa haya, na kinataja matanuri ya zinki yalizimwa lini. Nakisifu kwa hilo, manake vibao vingi vingeishia kwenye "ukungu mzito" vikaacha aliyeutengeneza. Sheria ya kwanza ya taifa ya hewa ilikuja 1955, ile yenye meno 1970. Kwa muda mrefu mji haukupenda kuzungumzia, watu walikuwa wanaogopa kazi zitaondoka, na ziliondoka vilevile, cha zinki kilifungwa 1957. Sasa wana makumbusho yao madogo ya ule ukungu. Na wagonjwa wako waulize taratibu, ukiwa na nafasi waandike wanachosema, wale waliokuwepo wanaisha.

Habari. Nina Jumamosi moja na vijana wangu wawili, gari liko gereji. Tuanzie wapi?
*Baba, North Side*

Nzuri ndugu. Asubuhi nendeni Strip District mle chakula, alafu mtembee mpaka mtaa wa 28 na Liberty. Hapo kuna kibao cha mgomo wa reli wa 1877. Kampuni ya reli ya Pennsylvania ilikata mshahara, alafu ikaamuru treni ziungwe mbili mbili kwa wafanyakazi walewale, yani kazi mara mbili na watu wengine kufukuzwa. Wakagoma. Askari wa hapa mjini hawakutaka kuwapiga ndugu zao, wakaletwa wa Philadelphia, na Julai 21 wakafyatulia umati, watu kama 20 wakafa na watoto wakiwemo. Usiku ule mji ulichoma mali ya reli, injini zaidi ya 100, karakana, mpaka stesheni kuu. Waonyesheni vijana ile reli, bado treni zinapita, kisha muangalie kile kilima upande wa pili, kulikuwa kumejaa watu wanaangalia, na risasi zilielekezwa huko.

Mkitoka hapo rudini katikati ya mji mtafute kibao cha shirikisho la vyama vya wafanyakazi, AFL, ambalo chimbuko lake ni mkutano wa Novemba 1881 hapohapo Pittsburgh, miaka minne tu baada ya ule moto. Mchana pandeni basi la 61C mpaka Homestead, mkaone jiwe la 1941, Bost Building na Pump House kama nilivyomwelezea dereva hapo juu. Bost Building haifunguliwi kila siku, pigeni simu kabla. Kutoka Eighth Avenue mpaka Pump House ni mwendo mzuri kwa mguu, mnavuka reli na maparking, vaeni viatu vya kutembelea.